Nisimamishe Kabla ya Mteremko

Tarehe 3 Machi

Dada,

Hujambo? Wapwa zangu hawajambo? Sisi huku wazima, ila Mama kifua kinambana kukiwa na baridi. Nakuandikia kwa sababu simu siwezi: kutwa nzima kondakta yuko ubavuni kwangu, na kondakta mwenyewe ni mpwa wa Bosi.

Dada, basi langu halina breki. Nikikanyaga mara mbili tatu zinashika, siku nyingine zinajifikiria kwanza. Nimemwambia Bosi. Akaniuliza kama nimewaona madereva waliojaa getini wakitafuta kazi. Nikiacha kazi naacha na chumba, maana nyumba ni ya kampuni. Mama nimpeleke wapi?

Wewe unasimama kizuizini pale juu, kabla ya mteremko wa kiwanda cha saruji, na kila siku unanipungia mkono nipite. Nakuomba unisimamishe. Likague, lizuie. Nikikamatwa na trafiki, hakuna atakayesema nimekataa kazi.

Mdogo wako

Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nimezipata. Kwangu hatujambo, yule wa mwisho kang'oka meno ya mbele, akicheka utadhani babu yake.

Umenipa mtihani. Mabasi ya Bosi wako hatuyagusi, Sajini alitwambia siku ya kwanza kabisa: yale ni ya mkubwa, yapite. Na hata nikithubutu, sheria inamshika aliye kwenye usukani. Atakayepanda kizimbani ni wewe, na leseni itakayochukuliwa ni yako. Bosi atakuwa kwake anakunywa chai. Mama ataniangalia vipi? Vumilia, nitazungumza na Sajini.

Dada yako

Tarehe 20 Machi

Dada,

Wazima tupo, lakini ni bahati tu.

Juzi ulinipungia, tukatazamana, nikapita. Chini kidogo nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka sakafuni. Nikashusha gia, injini ikapiga kelele, nikalisugua basi kwenye ukingo wa udongo mpaka mwendo ukapungua. Abiria walidhani nimekwepa lori. Stendi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanishika mkono, akasema Mungu anibariki, mimi ni dereva fundi. Nikazunguka basi nikatazama ubavu ulivyochubuka.

Bosi kaagiza ubavu upakwe rangi, basi. Kizimbani nitapanda. Nisimamishe.

Mdogo wako

Tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Pole na mahabusu. Natumaini umepata dhamana na umelala kwako.

Siku nilipokusimamisha uliondolewa mapema, hukuona yaliyofuata. Abiria walinizunguka. Mmoja akasema nina njaa, ndiyo maana nawachelewesha watu. Mkaguzi wa magari alipofika akakanyaga breki, akashuka, akawaonyesha mafuta ya breki yaliyotapakaa kwenye gurudumu. Ndipo Sajini akapiga simu.

"Unajua hilo gari ni la nani?"

"Najua dereva ni wa nani," nikamwambia. "Ni mdogo wangu, tumbo moja. Nikimwachia, niandike nimempendelea?"

Akakata simu, kesi ikaandikwa. Lakini tangu wiki hiyo niko kaunta ya vitambulisho vilivyopotea. Barabara siioni, naona ukuta. Mama anasemaje?

Dada yako

Tarehe 2 Mei

Dada,

Habari za huko? Sisi tunajikongoja. Leseni imezuiwa mpaka mwakani. Chumba wametutoa, tumepanga kando ya barabara kuu. Mvua ikinyesha tunahamisha vitanda. Mama anasema mtu hamkamati ndugu yake. Nilipomweleza kwamba ni mimi niliyeomba, akasema kumbe wote wawili hatuna akili.

Basi limerudi. Wamelifunga breki za kuokoteza na ukaguzi likapita, wanajua wenyewe walivyolipitisha. Sasa analiendesha Mrefu, yule rafiki yangu. Jana alikuja, akauliza, "Breki zikigoma pale, wewe ulishukaje?" Nilitaka kumwambia aache kazi. Aache, aende wapi na watoto wale? Nikamfundisha namna ya kushusha gia. Tangu hapo usingizi siupati.

Mdogo wako

Tarehe 9 Mei

Mdogo wangu,

Nimeomba kurudishwa barabarani, Sajini kacheka. Keshokutwa napumzika. Nitapanda basi la Mrefu, kiti cha mbele, nguo za nyumbani, kitambulisho mfukoni. Askari asiyevaa sare ni askari vilevile. Kabla ya mteremko nitasimama mbele ya abiria wote, nilikamate. Mrefu usimwambie, wasije wakasema tulipanga. Mama ndiye usimwambie kabisa.

Dada yako

Tarehe 28 Mei

Dada,

U mzima? Umepata pa kulala? Naituma hii kwenye kituo kipya walikokuhamishia, sijui kama barua zinafika mbali hivyo.

Mrefu amenisimulia. Anasema ulipoinuka, hata hujamaliza kujitambulisha, yeye alikuwa ameshaegesha. Akazima injini, akakukabidhi ufunguo, akashuka akakaa kwenye majani. Sasa naye hana leseni wala chumba. Yeye na wanawe wamejibana kwetu, nyuma ya pazia, na Mama anawapikia huku analalamika. Asubuhi tunakaa mlangoni, madereva wawili, tunatazama barabara. Getini kwa Bosi wamejaa wengine.

Leo mpaka jua linazama lile basi halijapita. Jana pia halikupita. Mama akisikia injini kubwa inakuja, anaacha chungu jikoni, anakuja kusimama nyuma yetu mpaka ipite.

Mdogo wako