Masale ya Nyuma ya Jiko

Uru, Jumanne

Mama hajala. Wala hajanigombeza, na afadhali angenigombeza.

Alikuwa Himo kwa dada yake wiki mbili. Nikaona nimsafishie bustani kabla ya masika. Nikapogoa kahawa, nikapunguza migomba, na yale masale yaliyosongamana nyuma ya jiko nikayang'oa mpaka mizizi. Nikapanda maua ya kununua. Mvua haijaja, nusu yameshakauka.

Leo amerudi, akasimama pale mkoba ukiwa bado begani.

"Masale yako wapi?"

"Nimeyachoma, Mama. Kilikuwa kichaka tu."

"Hapo ndipo nilipomlaza mdogo wako. Yule aliyeishi siku tatu."

Sikuwahi kuambiwa. Miaka yote napita hapo na jembe... Sasa hata yeye hawezi kunionyesha ni chini ya ua lipi.

Kwetu ukimkosea mzazi unamwendea na jani la sale mkononi, naye hakatai kusamehe. Kwa jirani sithubutu kuomba. Ataniuliza ya kwetu yamekwenda wapi. Jioni nimezunguka shamba zima nikitafuta hata chipukizi moja.

Hakuna. Nilisafisha kweli kweli.