Picha Ile Ni Yangu

Jumanne, 14 Oktoba. Las Vegas.

Nimemkanda mwanangu Rahma kwa maji ya moto. Analalamika kama jana. Nimemwambia mwanamke aliyezaa hukandwa, awe Unguja, awe Maskati, awe huku Marekani. Arobaini ni arobaini. Mtoto ananyonya vizuri. Mchuzi wa pilipili manga umekwisha, kesho ntapika mwingine.

Dirisha la jikoni linatazama milima mikavu, rangi ya kahawia. Siku ya kwanza nilidhani sijaondoka Maskati.

Rahma kanionyesha picha aliyoipeleka kwenye kundi la familia. Nimo mimi na baibui langu, nimekaa mbele ya mashine ya kamari. Ilipigwa uwanja wa ndege siku niliyofika. Wenyewe wamezipanga humo humo uwanjani, msafiri anakutana nazo kabla hajaliona sanduku lake. Magoti yaliniuma, kiti kilikuwa kitupu, nikakaa. Mkwe wangu akapiga picha. Tulicheka sote.

Alhamisi, 16 Oktoba. Las Vegas.

Mkwe wangu, ambaye ni mhandisi wa maji, kanipeleka makumbusho ya chemchemi. Nimesomesha jografia maisha yangu yote na haya sikuyajua. Naandika nisiyasahau.

Jina la mji ni la Kispania, maana yake ni mbuga za majani mabichi. Maji yalikuwa yakitoka ardhini yenyewe. Wapaiute, wenyeji wa asili, waliishi kwayo vizazi na vizazi. Baadaye misafara ya wafanyabiashara ikawa inapumzika hapo. Wakaja watu wa dini, wakajenga ngome ya udongo, wakashindwa, wakaondoka. Ikaja reli, na kampuni ya reli ikauza viwanja kwa mnada, juani. Kamari ilihalalishwa miaka ya dhiki, wakati maelfu ya vibarua walikuwa wakijenga bwawa kubwa jirani. Mji ukanenepa. Pampu zikavuta, zikavuta, mpaka chemchemi zikakauka.

Nimesimama mbele ya shimo kavu. Mji mzima una jina la kitu ulichokimaliza.

Nimepita pia ndani ya hoteli moja kubwa. Hakuna saa ukutani, hakuna dirisha. Watu wazima wamekaa mbele ya mashine kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Sikupapenda. Nimepaona.

Jumapili, 26 Oktoba. Maskati.

Arobaini ya Rahma imekwisha, nimerudi nyumbani Khuwair. Kwa kawaida mtu akirudi safari nyumba hujaa. Leo wamekuja wawili. Mmoja kaigeuzageuza chokoleti niliyompa, kauliza imenunuliwa kwa pesa gani. Nimemwambia kwa pesa ya pensheni. Kairudisha mezani.

Picha imetoka kwenye kundi la familia. Imefika kila mahali. Wanasema mwalimu Asya kaonekana anacheza kamari.

Sijali chokoleti. Lakini mimi ndiye ninayeitwa mwanamke akifariki mtaa huu. Naosha maiti tangu nywele zangu nyeusi. Na shoga yangu Zuwena yuko kitandani mtaa wa Qurum, moyo wake umechoka, madaktari wamemrudisha kwake. Mimi na yeye tulitoka Unguja pamoja, wasichana. Tuliahidiana zamani: atakayetangulia, ataoshwa na mwenzake.

Jumatano, 29 Oktoba.

Kaja Khalfan, mtoto wa kiume wa Zuwena, afisa mkubwa wizarani. Ananiita khalti, mama mdogo, tangu hajaota meno. Hakunywa kahawa. Nikajua kaja na jambo.

“Khalti, watu wanasema.”

“Watu gani?”

“Watu tu.”

“Hao siwajui. Nipe jina moja nikamwamkie.”

Akatazama viatu vyake. Kisha akatoa alilokuja nalo. Mama yake akifikwa, wanawake wengine watamwosha. Hataki siku ya msiba watu wanong'one mlangoni kuhusu mikono ya mwoshaji. Ila kuna njia. Niseme picha si ya kweli. Siku hizi picha zinatengenezwa na kompyuta, kila mtu anajua, hakuna atakayebisha. Neno moja tu na mambo yatakwisha.

Nimemweleza taratibu. Picha ni yangu. Baibui langu, magoti yangu. Kukaa juu ya kiti si kamari.

“Najua, khalti. Mimi najua. Ndiyo maana nasema ni jambo dogo.”

“Kama ni dogo, libebe wewe.”

Kasimama. Kasema afadhali nisije Qurum kwanza, mama apumzike. Mtoto niliyemfundisha kusoma ramani ananifungia mlango wa mama yake! Nna hasira. Nimefua mapazia yote.

Jumamosi, 1 Novemba.

Nimekwenda Qurum. Nimeendesha gari mwenyewe, nimeegesha mbele kabisa ya geti, mahali pa Khalfan.

Kafungua Prossy, msichana wa Uganda anayemuuguza. “Jaja, ingia haraka,” kasema. Kwao jaja ni bibi. “Bosi hayupo. Mama anakuuliza tangu morning.”

Zuwena amekuwa mdogo kitandani. Sauti ni ile ile.

“Nionyeshe hiyo picha.” Nikamwonyesha. Kacheka mpaka Prossy akaja mbio. “Yarabi, Asya! Umekaa kama unasubiri basi la Bububu. Ulishinda ngapi?”

“Nilishinda kiti.”

Kataka khabari zote. Nimemweleza chemchemi, reli, mnada. Nimemweleza kuwa serikali yao ilikuwa ikilipua mabomu ya atomiki jangwani, si mbali, na wageni wa hoteli wakipanda juu ya paa kutazama wingu.

“Wanatazama tu?”

“Na vinywaji mkononi.”

“Na sisi ndio tunaambiwa hatuna akili.” Kisha kanishika mkono. “Khalfan kanambia. Sema imetengenezwa, basi. Mtoto yule namjua, ni mkaidi kama baba yake.”

“Sitosema.”

“Mimi nnataka mikono yako, shoga. Sitaki ukweli wako.”

Hilo limeniuma kuliko yote ya Khalfan. Nimemkumbusha tulipofika nchi hii. Walikuwepo watu wetu waliotunasihi tufiche Kiswahili, tusitaje Unguja, tuseme tumekulia bara Arabu. Yeye ndiye aliyekuwa akiniita kwa Kiswahili sokoni Mutrah, kwa sauti, makusudi, mpaka wauza vitambaa wakageuka. Hatukukana tulikotoka. Leo nikane kiti?

“Wakati ule tulikuwa na miaka mbele yetu,” kasema. Kageukia ukutani.

Nimekaa. Hakugeuka. Nimeondoka.

Jumatatu, 3 Novemba.

Sikupigiwa simu. Sikupiga.

Nimejiuliza kama ni kiburi tu. Neno moja, na namwosha rafiki yangu. Bila neno, anaoshwa na mikono ya kukodi. Nimeswali. Jibu ni lile lile. Nnamtaka Zuwena, na sitosema.

Alhamisi, 6 Novemba.

Wanawake wa mtaa husoma Kurani kwangu kila Alhamisi baada ya alasiri. Leo wamekuja wachache, nadhani kwa udadisi. Tumesoma. Nimeleta chai na vitumbua. Kisha nimeweka simu katikati ya sinia, picha ikiwa wazi.

“Nani hajaiona?”

Mmoja kasafisha koo.

“Basi ntaieleza, maana mnaijua nusu.”

Nimesomesha. Nimewaanzia na chemchemi, kama darasani. Nimewaeleza Wapaiute, ambao hakuna aliyewauliza kitu. Nimewaeleza kwamba mahoteli yana vidimbwi na maji yanayocheza kwa muziki, na wenyeji wanaamrishwa kung'oa majani ya mapambo kwa sababu ziwa lao linapungua. Nimewaambia kamari ni haramu, nimekwenda nayo ni haramu na nimerudi nayo ni haramu. Nilikwenda kumkanda mwanangu. Nilipata nafasi ya kujifunza, nikajifunza. Picha ile ni yangu.

Bi Shinuna, tunayeosha naye maiti, kasimama na kuvaa viatu. Katoka bila ya kuaga. Wengine hawakusimama.

Mmoja kauliza kwa sauti ndogo, “Na ule mkono wa mashine, uliuvuta?”

“Hazina mkono siku hizi. Zina vitufe.”

“Ha! Umejuaje?”

“Nna macho!”

Wamecheka. Vitumbua vimekwisha vyote. Wameniuliza maswali mpaka adhana ya magharibi. Bi Shinuna ameniumiza. Wengine wameniponya kidogo.

Jumamosi, 8 Novemba.

Zuwena kapiga simu mwenyewe. “Nasikia umesomesha mtaa mzima. Mie umeninyima.”

Nimekwenda. Khalfan alikuwepo, kafungua mlango mwenyewe. Hajanizuia. Hajaniamkia. Nimesimama naye ukumbini, nikamwambia lile ambalo nimelipanga tangu Jumatano ile. Kwamba mwoshaji akitoka chumbani, wenye maiti humuuliza uso wa marehemu ulikuwaje. Hawana mwengine wa kumuuliza. “Leo nikidanganya juu ya kiti, siku hiyo nikikwambia khabari ya mama yako, utaniamini vipi?”

Kaingia chumbani kwake, kafunga mlango.

Zuwena alikuwa anapumua kwa shida. “Nna hasira na wewe bado,” kasema. Nikamwambia nna hasira na yeye pia. Kataka mnada wa viwanja, tangu mwanzo, kisiachwe kitu. Nimemweleza jua, vumbi, wanaume na kofia zao wakigombania mchanga. Kalala kabla sijafika kwenye bei.

Jumanne, 11 Novemba.

Simu baada ya alfajiri. Khalfan. “Khalti. Maji yanachemshwa.”

Nimechukua mkoba wangu wa kazi.

Jumatano, 12 Novemba.

Zuwena kazikwa jana kabla ya adhuhuri. Leo ndio naweza kuandika.

Nilimwosha katika chumba karibu na makaburi. Bi Shinuna alikuja. Hatukusemeshana, akamimina maji, nikaosha. Upande wa kulia kwanza. Maji ya majani ya mkunazi, ya mwisho ya kafuri. Hakuna aliyenong'ona mlangoni, au kama wamenong'ona sikusikia. Nywele zake zilikuwa bado nyingi. Nilizisuka misuko mitatu kama inavyotakiwa, nikamvika sanda.

Nilipotoka Khalfan alikuwa amesimama peke yake ukutani, kanzu imelowa mapajani, mwenyewe ndiye aliyekuwa akibeba ndoo mpaka mlangoni. Alianza kuuliza, akashindwa kumaliza.

Nikamwambia uso ulivyokuwa.

Hakuuliza mara ya pili.