Neno Litangulie Rangi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti limetulia na watoto wanakusumbua kwa kiasi tu. Mimi sijambo, ila kuna neno nitalifikia huko mbele. Usiruke mistari, nakujua.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Ofisi yetu hutengeneza programu inayolinda majokofu ya damu hospitalini. Programu huandika logi, yaani mistari inayoeleza kilichotokea: mlango umefunguliwa, joto limepanda. Zamani kila mmoja wetu aliandika apendavyo. Huyu “tatizo”, yule “kosa”, mwingine alitia rangi nyekundu tu akaona yatosha. Shaghalabaghala.

Mwezi uliopita, kwenye zamu yangu ya kutazama logi hizo, jokofu moja lilianza kupata joto. Mstari ukapita mbele yangu, nikauacha upite. Aliyeokoa damu ile ni mwenzangu aliyekuwa anapita na chai yake, akaniuliza mbona nimetulia na pale pamewaka nyekundu.

Ndipo nikaandika enum, orodha iliyofungwa ya aina za ujumbe: TAARIFA, ONYO na HATARI. Kila aina ina muundo wake: neno hutangulia, kisha jina la jokofu, kisha maelezo. Ukibuni aina nyingine, programu inakataa. Wenzangu walinung'unika, wakazoea. Bosi, tunayemwita Shangazi kwa jinsi anavyotukemea, akanisifu mbele ya watu kwa usafi wa kazi.

Sifa zile sikuzistahili. Haukuwa usafi, dada. Macho yangu yanafifia, na daktari anasema hayatarudi kama zamani. Nyekundu na kijivu kwangu sasa ni mapacha. Nilitaka kompyuta inisomee kwa sauti, na HATARI iwe ya kwanza kusikika.

Nikamfuata Shangazi, nikamweleza, nikitarajia kufungashiwa virago. Akauliza, “Hiyo sauti inasoma haraka?” Nikamwambia inayashinda macho yangu hata yalipokuwa mazima. Akasema basi niendelee na zamu zangu.

Jana asubuhi jokofu jingine lilipata joto. Nilisikia kabla yeyote hajaona. Nikapiga simu, muuguzi akakuta mlango haujashika, akausukuma. Joto likashuka.

Mama bado hajui. Mwambie wewe, mkiwa mmekaa, maana mimi nikianza nitalia naye atadhani nakufa. Mwambie kazi ninayo. Na barua hii nimeitamka, kompyuta ndiyo iliyoandika, kwa hiyo makosa ya herufi mgombeze yeye.

Nisalimie shemeji, na wote waliomo nyumbani.

Mdogo wako,
Chiriku