Kibomba Chenye Kofia

Jumamosi, 8 Juni
Shikamoo Baba. Hamjambo? Mimi mzima. Mvua zinakuja, umekagua paa la gari-nyumba? Usitembee juu yake, tambaa. Mpe Mama pole ya mafua.
Binti yako

Jumapili, 9 Juni, mchana
Marahaba mwanangu. Wazima, ila mafua ya mama yako hayajambanduka. Nakuandikia nikiwa juu ya paa, maana hapa kambini tulikoegesha mtandao uko huku juu tu. Nimelala kifudifudi kama mjusi mwenye kitambi. Mama yako ameshika ngazi, ananiuliza kama nimeacha wosia.
Nimebonyeza paa lote, halijaoza. Ila viungio vimepasuka kama visigino vyangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, basi nimeziba: pembezoni, kando ya dirisha la juu, hata kile kibomba chenye kofia kilichokuwa wazi. Nimekijaza gundi ya silikoni pomoni. Tone haliingii.
Baridi imetuingia mifupani. Nashuka, tufunge madirisha, tuwashe hita ya gesi, tulale kidogo.
Baba yako, mjusi

Jumapili, mchana
Baba, msiwashe hita. Kibomba kile ndicho kinachotoa moshi wake. Ukikiziba, moshi unarudi ndani, na sumu yake haina harufu.
Binti yako

Jumapili, alasiri
Baba, ujumbe haujafika. Ofisi ya kambi hawapokei simu. Niko njiani, lakini kwenu ni mbali. Panda juu. Hata kama ni kufuata koleo tu ulilosahau huko, panda.
Binti yako

Jumapili, jioni
Mwanangu, ni mimi, na simu ya baba yako, niko juu ya paa. Kichwa kinanigonga, nimetapika, nikadhani ni mafua. Yeye namwamsha, haamki. Nimepanda kuita msaada ndipo nikaona maneno yako. Nashuka kumtoa.
Mama

Jumapili, jioni
Mama, umemtoa?

Jumatatu, 10 Juni
Hujambo mwanangu? Nimeazima simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Mimi sijambo, kisogo tu kina alama ya kila kidato cha mlango. Jirani wa kambi anasema mama yako aliniburuta kwa miguu kama gunia, kisha akarudi ndani kuzima hita. Kama alitoka tena, hajaniambia.
Nimemuuliza muuguzi mama yako yuko wodi gani. Amenyoosha shuka langu, ambalo lilikuwa limenyooka.
Mama yako huogopa hata kupanda kiti. Nawaza tu, nani alimshikia ngazi?
Nakuona kupitia kioo cha mlango wa wodi, mwanangu. Umeegemea ukuta, huingii.
Ingia.
Baba yako