Jina kwenye Kadi

Shikamoo Baba,

Mama hajambo, na mvua ya Cornwall unaijua. Lile ua la dafodili tulilolipanda kwa mbegu nikiwa na miaka sita, ambalo ulihama na nusu ya vitunguu vyake vya kupandia, limechanua vizuri. Nililipeleka kwenye maonyesho ya kijiji, nikaandika kwenye kadi jina uliloniahidi: Lowenna.

Bi Pascoe, jaji wetu, alicheka. "Mwanangu, umechanganya! Baba yako ameshalisajili kama aina mpya ya ua. Linaitwa Imogen."

Binti wa mke wako mpya. Nilisema ndiyo, nimechanganya.

Ulinifundisha kwamba majani yakikatwa mabichi, kitunguu hukosa chakula na mwakani hakichanui. Leo nimeyakata yote, kwa mkasi wako.

Msalimie Imogen.

Lowenna