Kadi ya Picha Isiyo na Sura

Chumba cha Kompyuta,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumatano, tarehe 11.

Mpendwa Kaka Profesa,

Shikamoo. Shikamoo hiyo naiandika kwa sababu mama amepita mlangoni sasa hivi akauliza kama nimeiandika. Ningekuwa peke yangu ningeiruka. Hujambo huko? Mgongo vipi, na kazi ya ghalani vipi? Sisi hatujambo. Goti la mama linamsumbua asubuhi, ikifika saa nne linanyooka. Mimi ni mzima ila nina hasira, na hasira si ugonjwa, kwa hiyo usinitumie dawa. Ukituma wewe, itakuja ya ng'ombe.

Mzigo wako ulifika wiki tatu zilizopita. Asante. Hiyo ndiyo asante yote utakayoipata kwenye barua hii, itunze vizuri.

Nilikwambia naunganisha kompyuta ya nne ya kuchezea gemu. Nilikwambia prosesa yangu ni ya bei nafuu, na nikakuomba kadi ya picha ya kadiri yake: fupi, feni moja au mbili, isiyokunywa umeme mwingi. Nikaandika jina na namba yake kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini. Nikashika rula, nikapima nafasi iliyomo ndani ya keisi, nikakuandikia sentimita ishirini na tatu.

Wewe ukatuma dude la sentimita thelathini na tatu, feni tatu, zito kama pasi ya mkaa. Na kikaratasi juu yake: "Mdogo wangu, acha vitu vya kuonea huruma. Hii ndiyo kiboko yao." Miaka sita unafungasha vifaa vya kompyuta kwenye ghala la watu, na bado hujajua kwamba ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Haikuingia. Nilifungua kila skrubu inayofunguka, haikuingia. Pawa saplai yangu haina hata waya za kuilisha. Nikapanda ghorofani kwa jamaa anayehariri video, nikaazima ya kwake, nikaiwasha kompyuta ikiwa imefumuliwa mezani kama kuku. Gemu la magari likakwama kwenye kona zile zile lilikokuwa likikwama zamani. Kadi yako ilifanya kazi chini ya nusu ya nguvu zake, muda mwingine wote inasubiri prosesa iiletee cha kufanya. Fundi cherehani wa dirisha la jirani alinielewa mara moja. Alisema ukiwa na cherehani ya kiwandani, na mkataji wako ni mmoja anakata kwa wembe, cherehani itakaa tu. Yeye hajawahi kushika kompyuta. Wewe ndiye unayeitwa Profesa.

Usije ukanijibu kwamba ninunue prosesa kubwa. Prosesa kubwa itataka bodi mpya, bodi itataka ramu mpya, na mwisho nitatakiwa kuhama chumba. Wateja wangu ni manesi na walimu, wanacheza saa moja wakitoka kazini. Wanachotaka ni gemu lisikwame, basi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, kaka, na wewe uko mbali sana.

Hayo ningeyameza. Mangapi yako nimeshayameza? Linalonikaba ni la mama.

Siku uliyotuma mzigo ulimpigia simu, laini inakatika katika, ukamwambia, "Mama, nimetuma kadi ya picha." Kwangu mimi na wewe hicho ni kifaa cha kompyuta. Kwa mama, kadi ni kadi, na kama ni ya picha basi ina picha. Na mwanawe aliye mbali, ambaye hajaiona sura yake kwa miaka sita, angetuma picha ya nani kama si yake?

Sikujua ulivyomwambia. Nilimwona akiondoa kalenda ukutani, sikuuliza. Alikwenda kwa seremala mwenyewe, na goti lile, akaagiza fremu. Akamtangazia muuza vitambaa, akamtangazia fundi cherehani: "Mwanangu anakuja. Anakuja kwenye kadi."

Mzigo ulipofika hakutaka niuguse. Alilifungua boksi kwa kisu cha jikoni, polepole, asije akakukata uso. Akatoa sponji, akaitoa kadi, akaigeuza mbele na nyuma. "Picha iko wapi?" Nikamweleza kwamba hiki ni kifaa, chenyewe ndicho kinachochora picha kwenye skrini.

Akavuta kiti, akakaa. Akasema, "Basi iwashe, nimwone."

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Ningekuwa nawe karibu siku ile, hiyo bisibisi ingekuwa na kazi nyingine.

Tumekuomba picha mara ngapi? Mara kamera ya simu imevunjika, mara huna nafasi, mara taa za huko ni mbaya. Mama hatakwambia, nakwambia mimi. Unamkumbuka yule ndugu wa muuza vitambaa, aliyekuwa ng'ambo? Alikuwa amekufa mwaka mzima, na rafiki zake wakawa wanapokea simu yake na kujifanya ni yeye, kwa huruma tu. Tangu habari hiyo ifike hapa, kila ukimaliza kuzungumza na mama huweka simu chini na kuniuliza, "Ni yeye kweli yule?" Namjibu ni yeye. Siku hizi namjibu harakaharaka, kabla sijaanza kufikiri na mimi.

Kama umekonda, konda mbele ya kamera tukuone. Kama una kipara, baba alikuwa nacho na mama aliolewa nacho. Kama mambo hayajakunyookea, hakuna hapa aliyekuomba yanyooke. Umeweza kututumia mashine ya kuchora nyuso elfu, uso wako mmoja umekushinda. Nakuchukia kwa hilo, kaka, na sitaki kukuficha.

Kadi yako usiiulizie. Nimebadilishana na yule jamaa wa ghorofani, yeye ana prosesa ya kuilisha. Amenipa yake ndogo, ile ile niliyokuandikia kwa herufi kubwa. Imeingia bila ugomvi, na sasa inatoka jasho pamoja na prosesa, hakuna anayemsubiri mwenzake. Jana nesi mmoja alikata kona zote, hakukwama hata mara moja.

Fremu iko ukutani. Nilitaka kuirudisha kwa seremala, mama akakataa. Alikata kipande cha boksi, pale ulipoandika kwa kalamu nene "Kwa Mama, mkononi mwake," akakitia humo. Anasema sauti huigwa, mwandiko hauigwi. Lakini kipande ni kidogo na fremu ni kubwa, mlango ukibamizwa kinateleza, na yeye huinuka na goti lake kwenda kukinyoosha.

Shangazi anakusalimu. Mjomba dereva anakusalimu, na anauliza kama huko pia unajibu usichoulizwa. Fundi cherehani na muuza vitambaa wanakusalimu. Mama anasema Mungu akufunike, akuepushe na mabaya, akurudishe kwenu ukiwa na miguu yako. Mimi nasema amina, hasira yangu iko pale pale.

Fremu ya mama ina UPANA WA SENTIMITA KUMI NA TANO, UREFU ISHIRINI NA MOJA. Nimepiga mstari chini. Safari hii, kaka, pima kabla hujatuma.

Akupendaye na ambaye bado hajakusamehe,
Mdogo wako,
Fundi Nyaya