Sauti ya Baba Kwenye Diski Mbovu

Biharamulo Mjini

Kwako dada Verediana,

Shikamoo dada. Hali yako na ya watoto hapo Mbuba ikoje? Kikohozi cha Tecla kimepoa? Mimi mzima, ila tangu juzi chakula hakipiti. Kaa chini nikueleze yaliyonikuta.

Tangu kaka Privatus aanze kudai kwamba shamba la Mbuba hukupewa, na kwamba mjane kama wewe arudi kwa wakwe zake, nilijitia moyo kwa ile rekodi ya baba akigawa mashamba kitandani kabla hajafa. Simu niliyorekodia iliibiwa, lakini sauti nilikuwa nimeihamishia kwenye kompyuta. Mama naye, kwa kuwa anaishi kwa kaka, amekuwa akinyamaza tu. Nikamwambia kaka kwamba nitaileta rekodi kwenye kikao cha ukoo.

Nilipoiwasha kompyuta, ikagoma. Inakwama, inagongagonga ndani kama mtu anayepiga kucha mezani. Nikaipeleka kwa fundi Shaban, jirani na stendi. Alipoifungua, dada, mlikuwa na mende wakavu na harufu ya mikojo ya panya; nilijifunika pua kwa kanga. Shaban akasema huo uchafu unafutika, tatizo ni diski. Baadhi ya sehemu zake zimekufa, hazisomeki tena, na kila ikiwashwa nyingine zinazidi kufa. Akanionya mtu yeyote asiifomati, yaani asiifute yote. Yeye atanakili kwanza vinavyosomeka kwenye diski nzima, akiruka palipokufa. Kuhusu rekodi yetu hakuniahidi kitu.

Nami, bila kufikiri, nikampigia kaka kumweleza.

Kesho yake akapanda gari kutoka kwake Ngara mpaka kwa Shaban. Akasema nimemtuma mimi, diski ifutwe yote, ipigwe window upya, tena haraka. Shaban akamjibu kwamba mwenye kompyuta aje mwenyewe. Kaka akabembeleza, akafoka, mwishowe akanyoosha mkono aichomoe diski pale mezani. Wateja wakamshika. Shaban aliponisimulia, nilizunguka nyuma ya duka lake nikatapika, dada, nakwambia kweli. Mtu aliyejigaragaza kaburini kwa baba kuliko sisi sote! Wale mende nawaona wasafi.

Sasa sikiliza. Rekodi imepatikana, lakini ina mapengo. Baba anaanza vizuri: "Shamba la Mbuba nampa…" halafu kimya. Diski imemeza jina lako. Nililia nikajua tumeshindwa. Shaban akaniambia nisizime. Sauti ikarudi, na haikuwa ya baba. Ilikuwa ya kaka mwenyewe, wazi kabisa: "Nimesikia, baba. La Mbuba ni la Verediana na watoto wake. Nitamlindia."

Nitamlindia! Alitamka kwa kinywa chake.

Jana nilimpigia mama nikamwekea asikilize. Aliniomba niirudie. Kisha akasema hayo yote aliyasikia siku ile kwa masikio yake, akanyamaza kwa kuogopa kukosa pa kulala, na sasa anajichukia. Anafunga nguo zake. Hatalala tena kwa Privatus. Anakuja kuishi nawe, na kikaoni atasimama aseme.

Mtandikie kitanda, atafika Jumamosi. Mpokee bila kumuuliza mengi.

Wabusu watoto, na uwasalimie majirani wote wanaonikumbuka. Mungu awafunike.

Ni mimi mdogo wako,
Anneth